Ukija Tabora kufanya fildi ya kesi za wagonjwa wa akili

Vyuo vikikaribia kufunga, simu zinaanza. "Shikamoo wakili, naomba nafasi ya fildi." Wengi wanataka ardhi na mirathi. Mmoja mmoja anasema anataka kujifunza kuwatetea washtakiwa wenye maradhi ya akili, na huyo ndiye ninayemwandikia, kwa sababu ukishafika ofisini hakuna atakayekuwa na nafasi ya kukaa na wewe kukueleza haya.

Kwanza ujue barua yako unaipeleka wapi. Sisi Tanzania hatuna ofisi ya serikali ya mawakili wa utetezi. Kesi ya mauaji ikifika Mahakama Kuu na mshtakiwa hana uwezo, mahakama humpangia wakili wa kujitegemea na serikali ndiyo inayolipa, malipo ambayo hayajamtajirisha mtu. Kesi ndogo huangukia kwa mashirika yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa hiyo tafuta wakili anayepokea kesi za kupangiwa, au shirika lililosajiliwa, uombe kuwa chini yake. Barua ya chuo iseme wazi nani anakusimamia, maana gerezani ndilo swali la kwanza. Na usije na ndoto ya kusimama mbele ya Jaji: huna haki hiyo bado.

Sheria utakayohitaji si nyingi, ila isome kabla hujapanda basi. Kanuni ya Adhabu inamhesabu kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mshtakiwa, japo ni mwepesi kuliko ule wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ndiyo inayoeleza utaratibu. Angalia unashika toleo gani: Toleo la 2023 limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na vifungu vingi vimehama, hivyo kifungu cha 220, kile cha kumpeleka mshtakiwa akapimwe akili, ambacho mwalimu wako alikariri, huenda usikikute alikokiacha.

Tenganisha maswali mawili ambayo wanafunzi huyachanganya kila mwaka. Moja: je, leo mshtakiwa anaelewa kinachoendelea kiasi cha kuweza kujitetea? La pili: siku ya tukio, maradhi yalimfanya asielewe anachofanya, au asijue kuwa ni kosa? Mtu anaweza kuwa mzima kabisa leo, anakusalimia na kukuulizia masomo, na siku ile hakuwa yeye. Mahakama ikiona huenda hili la pili lilitokea, huahirisha kesi na kuagiza apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili. Kwa watu wa huku ni Taasisi ya Isanga, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe, Dodoma. Daktari ana siku 42 tangu ampokee kuandika taarifa yake.

Sasa fikiria hali ya daktari huyo. Analetewa mtu aliyekaa mahabusu muda mrefu, pengine ameshaanza dawa, hana ndugu aliyefuatana naye, na anaulizwa: mtu huyu alikuwaje siku fulani huko wilayani Sikonge? Bila historia atajibu nini? Historia hiyo ndiyo kazi yako. Wakili aliyepangiwa kesi mara nyingi hukabidhiwa jalada tarehe ikiwa imekaribia, na hoja ya ugonjwa wa akili inatakiwa itolewe pale mshtakiwa anaposomewa shtaka na kutakiwa ajibu. Wakati kesi bado iko kwa Hakimu, kabla haijapanda Mahakama Kuu, inatajwa na kuahirishwa, "upelelezi haujakamilika", hapo katikati ndipo mwanafunzi mwenye miguu na subira ana thamani kubwa.

Anza na mshtakiwa mwenyewe, Gereza la Uyui hapa Tabora. Simu yako iache ofisini. Usianze na tukio. Msalimie, mjulishe wewe ni nani na nani amekutuma, mwambie atakayokueleza ni ya wakili wake tu. Akiwa anatetemeka, uso umekakamaa, anajibu baada ya kimya kirefu, usikimbilie kuandika "hatoi ushirikiano". Dawa za ugonjwa wa akili kama haloperidol zinafanya hivyo. Muulize askari au mganga wa gereza anatumia dawa gani na tangu lini, uandike tarehe. Akichoka, nyanyuka, utarudi.

Kisha nenda kwao. Hapa ndipo pagumu, na sijaona chuo kinachofundisha. Katika kesi hizi marehemu mara nyingi ni mtu wa nyumba hiyohiyo: mama, mke, mtoto. Unaingia kwenye msiba na kwa ndugu wa mshtakiwa kwa mlango mmoja. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, aongozane nawe. Vaa kawaida, hizo nguo nyeusi na nyeupe za kiwakili zinawatisha watu. Toa "mwangaluka", salamu ya huku, hata kama lafudhi yako itawachekesha, toa pole, kaa walipokaa. Atakayekataa kuongea mwache, ana haki yake.

Usimtilie mtu maneno mdomoni. "Alikuwa anasikia sauti?" ni swali baya, kila mtu atasema ndiyo. Uliza alikuwa analalaje, alianza lini kuacha shamba la tumbaku, nani alikuwa wa kwanza kumshangaa. Watasema malaria ilimpanda kichwani, au amerogwa. Usibishane. Uliza walimpeleka wapi: mganga wa kienyeji naye ni shahidi wa tarehe, anakumbuka alimpokea kabla ya mavuno au baada. Uliza kifafa, ajali ya kichwa, bangi, gongo. La ulevi liandike vilevile lilivyo hata kama linaharibu hoja yako, maana Wakili wa Serikali atalijua. Kama mshtakiwa ni mama na aliyefariki ni mtoto wake wa chini ya miezi 12, simamisha kila kitu umpigie msimamizi wako: kuna kosa mahususi la kuua mtoto mchanga, kwa mama ambaye akili yake haijatulia kutokana na kuzaa, na adhabu yake si ya mauaji.

Omba daftari la zahanati. Karibu kila nyumba inalo, limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vipakiti vya dawa. Piga picha kwa ruhusa, asilia libaki kwa mwenye nalo. Jalada lake la Hospitali ya Kitete, ya hapa Tabora, hutapewa kwa kuomba mdomoni, na ni sawa usipewe. Wakili aandike barua, ikishindikana aiombe mahakama.

Unaporudi usimkabidhi wakili insha. Mpe kurasa mbili zilizopangwa kwa tarehe, kila sentensi ikionyesha nani kasema au karatasi gani imesema, na majina ya wanaoweza kuja kutoa ushahidi.

Ndugu watakuuliza akionekana alikuwa mgonjwa ataachiwa lini. Usiseme "atarudi". Mahakama ikiona kuwa alitenda lakini hakuwa na akili timamu, haimwachii aende nyumbani siku hiyo, anapelekwa kuzuiliwa na kutibiwa. Waambie hivyo, kisha wasikie na kwa wakili mwenyewe. Halafu waombe wateue ndugu mmoja wa kufuatilia Dodoma, uandike jina na namba yake ya simu juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa sababu siku daktari atakapoona mgonjwa amepona, atatafutwa mtu wa kumpokea.