Kuchagua Mtaa na Aina ya Nyumba Kandokando ya Ziwa Duluti

Mtu anayetafuta makazi nje kidogo ya Jiji la Arusha, upande wa kuelekea Moshi, hakawii kuelekezwa Tengeru, na akifika Tengeru hakawii kutajiwa Ziwa Duluti. Ziwa hili dogo limo ndani ya kreta ya volkeno, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na liko umbali wa kilometa zipatazo 15 kutoka katikati ya jiji. Hewa yake ni ya ubaridi wa kupendeza, ndege ni wengi, na mawingu yakiondoka Mlima Meru huonekana wote. Ni haki mtu kupapenda. Hata hivyo, uzuri huo ndio unaowafanya wanunuzi wengi walipe kwanza na kuuliza baadaye, ilhali mambo yatakayoamua kama familia itaishi vizuri hapo ni maji ya kunywa, mwinuko wa ardhi, njia ya kila siku na uhalali wa umiliki. Ramani ya nyumba ije baada ya hayo yote, kwa kuwa nyumba iliyochorwa kabla kiwanja hakijajulikana humlazimisha mwenye nyumba kupambana na ardhi yake kwa fedha nyingi.

Ukingo wa ziwa

Ukingo wa ziwa haupatikani kwa ujenzi wa makazi. Msitu unaolizunguka ni hifadhi, na zaidi ya hapo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Dalali anayetangaza kiwanja kinachogusa maji anatangaza kitu ambacho hana uwezo wa kukihamisha kihalali. Kinachoweza kupatikana ni kiwanja kilicho nje ya mpaka wa hifadhi, na mnunuzi anapaswa kuonyeshwa mawe ya mpaka huo kwa macho yake, akiwa na mpima ardhi aliyesajiliwa, kabla hajatoa hata fedha ya kushika kiwanja.

Ieleweke pia kwamba miti ya hifadhi husimama kati ya nyumba na maji, kwa hiyo anayelipa bei ya juu ili aone ziwa kutoka sebuleni huenda akaishia kuona msitu. Msitu wenyewe ni mzuri, wenye kivuli na utulivu, na njia yake ya kutembea kwa miguu iko wazi kwa wageni wanaolipa kiingilio. Lakini hewa ya hapo ina unyevu, mbu wapo, na miezi ya Juni hadi Agosti nguo huchelewa kukauka. Kwa maoni yangu, mwendo wa dakika 15 au 20 kwa miguu kutoka ziwani unatosha kabisa: unalifaidi ziwa kila unapotaka, na kuta zako zinabaki kavu.

Kaskazini au kusini mwa barabara kuu

Barabara ya Arusha–Moshi inaligawa eneo hili katika pande mbili zenye tabia tofauti. Upande wa kaskazini, kuanzia Patandi na Akheri na kupanda hadi Nkoaranga, ambako kuna hospitali ya Kanisa la Kilutheri, ardhi inainuka kuelekea Mlima Meru. Huku ndiko kwenye vihamba vya Wameru, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, migomba ikiwa imepandwa pamoja na kahawa, na mvua ni nyingi kuliko upande wa chini. Viwanja ni vidogo na njia ni nyembamba, na mara nyingi kuna mfereji wa umwagiliaji uliochimbwa zamani unaokatiza katikati ya shamba. Mfereji huo una wenyewe. Watu wa chini wanautegemea kwa zamu zao za maji, na mgeni anayeufukia ili apate uwanja wa kuegesha gari atakuwa ameanza ujirani wake kwa ugomvi ambao hautaisha upesi. Anayependa kuishi huku apange nyumba yake ikiupisha mfereji, na aulize mapema zamu zinaendaje.

Upande wa kusini, ukilipita ziwa kuelekea Nambala na Kikwe, ardhi inatulia, joto linaongezeka, na vumbi la kiangazi nalo linaongezeka. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela iko Nambala, na uwepo wake umevuta wapangaji na wenye nyumba za kupangisha. Kwa anayetaka bustani pana au mifugo, au nyumba ya pili ya kupangisha, huku kuna nafasi. Angalizo kubwa ni udongo. Palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukinyonya maji na kupasuka ukikauka, msingi wa kawaida wa mawe hautoshi, na gharama ya kuuchimba udongo huo na kuujaza kifusi cha moramu inaweza kumeza nafuu yote uliyoipata kwenye bei ya kiwanja. Chimba shimo la mita moja na nusu kabla ya kununua. Fundi mzoefu atausoma udongo papo hapo, na kwa nyumba ya ghorofa mhandisi ni wa lazima.

Tengeru yenyewe, karibu na soko, inamfaa anayetaka kila kitu karibu na anayevumilia kelele, hasa Jumamosi ambayo ni siku ya gulio kubwa. Usa River, mbele zaidi kuelekea Moshi, ndiyo makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, na shughuli zake za kiofisi humpunguzia mkazi wake safari za mjini.

Kuhusu usafiri, sehemu ya barabara kuu kutoka Sakina hadi Tengeru, yenye urefu wa kilometa 14.1, ilijengwa kwa njia nne, na jambo hilo limeipa Tengeru thamani ambayo haikuwa nayo zamani. Bado ni vyema kupima kwa mwili wako: panda daladala siku ya kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka eneo unalolifikiria, na urudi jioni. Kisha tembea njia ya ndani kutoka barabara kuu hadi kiwanjani, ikiwezekana mwezi Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea. Njia ambayo bodaboda zinakataa kuipita siku ya mvua itakugharimu kila mwaka. Familia yenye watoto wa shule ingefanya vizuri kukaa umbali wa kutembea hadi barabara kuu, hata kama bei ni ya juu. Lakini wasiisogelee kupita kiasi, kwa kuwa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na jengo lililoingia humo hupigwa alama ya X ya kubomolewa.

Maji ya kunywa

Hapa ndipo ningemwomba msomaji atulie zaidi. Miamba ya volkeno ya Mlima Meru ina madini ya floraidi, na maji yanayopita humo huyayeyusha na kuyabeba hadi kwenye chemchemi, visima na mito. Ukanda wa maeneo ya Maji ya Chai na Ngurdoto, mashariki mwa Tengeru, unajulikana kwa tatizo hili, na ndiyo sababu serikali iliweka Ngurdoto kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi sana kiwango hicho wakati meno yake yanaumbika hupata madoa ya kahawia yasiyofutika, na kiwango kikubwa kwa miaka mingi hudhuru mifupa.

Floraidi haionekani wala haina ladha ya kuitambulisha, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, kilichobaki huwa kikali zaidi. Visima viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo kauli ya muuzaji kwamba jirani anakunywa maji hayohayo miaka yote haina uzito. Chukua sampuli ya chanzo utakachokitumia wewe, katika chupa safi, uipeleke maabara ya ubora wa maji, na usubiri majibu kabla ya kusaini mkataba. Kama eneo lina bomba la mamlaka ya maji au la jumuiya ya watumia maji, uliza chanzo chake ni kipi na maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Waulize akina mama wanaochota, si dalali.

Majibu yakiwa mabaya, eneo halijafa. Chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe hupunguza floraidi, ingawa mkaa wake huchoka na lazima ubadilishwe. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na hapa ndipo suala la mtaa linapokutana na suala la aina ya nyumba. Paa lenye eneo la mita za mraba 150 hupokea lita 150 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya milimita 40 ni lita 6,000, na hata ukitoa moja ya tano inayopotea, bado ni karibu lita 4,800. Familia ya watu sita inayotumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu itaishi na maji hayo zaidi ya miezi mitano, mradi tangi liwepo na lifunikwe vizuri.

Nyumba inayofaa

Kwa sababu hiyo ninaitetea nyumba ya chini yenye paa la kuinama la bati, bila aibu, mbele ya nyumba za kisasa zenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta ambazo sasa zinajengwa kila mahali. Paa lililofichwa hupendeza kwenye picha, lakini hukusanya majani ya miti, huhitaji mfereji wa ndani uliokingwa usivuje kwa ustadi mkubwa, na likivuja maji huingia ukutani kabla hujajua. Paa la kuinama lenye gata pande zote humwaga maji moja kwa moja kwenye simtanki, na likitokeza angalau sentimita 75 nje ya kuta hukinga madirisha na lipu dhidi ya mvua ya upepo. Wakati wa kupaua, mwambie fundi aache nafasi ya hewa juu ya dari, la sivyo dari ya jipsamu itaota ukungu.

Kwa kuwa tuko takribani nyuzi tatu kusini mwa ikweta, jua hupiga hasa upande wa mashariki na wa magharibi. Upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, na vyumba vya kulala vipate jua la asubuhi, ambalo mwezi Julai ni neema kubwa. Baraza pana ndiyo sehemu itakayotumika kuliko sebule. Inua jamvi, yaani sakafu ya zege, juu ya usawa wa ardhi, angalau sentimita 45, na usikubali karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu irukwe ili kubana gharama. Nyavu za mbu ziwekwe kwenye madirisha yote tangu mwanzo.

Kwenye mteremko wa kaskazini, nyumba iliyogawanywa katika ngazi mbili zinazofuata ardhi ni nafuu kuliko kukata kilima ili kupata uwanja bapa. Ghorofa inaeleweka pale kiwanja ni kidogo na migomba inastahili kubaki. Popote utakapojenga, shimo la maji taka liwe chini ya mteremko kuliko kisima, chako na cha jirani, na nyumba ikae mbali na korongo, hata korongo linaloonekana kavu mwaka mzima.

Anayenunua pagale, yaani nyumba ambayo haijamalizika, badala ya kiwanja aongeze ukaguzi wa msingi na aulize kwa nini mwenyewe aliliacha.

Karatasi na watu

Ardhi nyingi kuzunguka Tengeru ni ya ukoo, na baadhi yake iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Uliza kama kiwanja kina hati miliki, hati ya hakimiliki ya kimila, au makubaliano tu yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Chenye hati miliki kifanyiwe upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili kujua kama kimewekwa rehani. Kisicho na hati hiyo kinahitaji halmashauri ya kijiji iridhie mauzo kwa mtu asiye mkazi, na ukoo uitwe: mke au mume wa muuzaji, ndugu, na watoto wakubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenzi dhidi ya nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake, na mauzo yaliyofanywa kwa siri huishia baraza la ardhi. Majirani wa pande zote nne wasaini, wakili ashuhudie, na fedha zipite benki. Asiye raia wa Tanzania hawezi kumiliki ardhi kwa makazi binafsi, hivyo yeye atafute nyumba ya kupanga.

Kupanga kwanza kunamfaa raia pia. Mkataba wa miezi sita unaoanza Machi humpitisha mpangaji katika masika yote na kumwingiza kwenye baridi ya Juni na Julai. Katika muda huo atajua maji hupita wapi na umeme hukatika mara ngapi. Atajua pia kama mashamba makubwa ya maua au kahawa yaliyo jirani hupuliza dawa karibu na dirisha lake.