Jinsi ya kukadiria gharama ya kunyanyua boma kwa kuhesabu kazi ya siku

Ukimwita fundi hapa Mtwara akutajie bei ya kunyanyua boma, yaani kuta za nyumba kabla ya kuezekwa, atazunguka kiwanja mara moja kisha akupe bei ya jumla. Mimi husimamia ujenzi, na bei hiyo siikubali wala siikatai mpaka nijue kikosi chake kinajenga matofali mangapi kwa siku, pale pale kwenye kiwanja kile.

Hatua ya 1: Pima ukuta

Jumlisha urefu wa kuta zote, za nje na za ndani. Tuseme ni mita 49, na kimo ni mita 2.8: unapata mita za mraba 137.2. Toa milango 5 ya mita 0.9 kwa 2.1, na madirisha 4 ya mita 1.5 kwa 1.2. Zinabaki kama 120.

Kwa tofali la inchi 6 lenye uso wa sentimita 45 kwa 22.5, mita moja ya mraba hula matofali 9 na kitu. Mimi hushika 10, ili yanayovunjika na yanayokatwa yawemo. Jumla 1,200.

Hatua ya 2: Jua ujira wa kikosi

Mafundi wawili, saidia fundi wawili. Kwa mfano, fundi 30,000 na saidia 15,000: kikosi ni shilingi 90,000 kwa siku. Weka bei za kwenu.

Hatua ya 3: Hesabu kila jioni

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na ndipo pesa inapopotelea. Kwa siku tatu za mwanzo, hesabu matofali yaliyokwisha kujengwa, si yaliyosogezwa karibu na ukuta. Kando ya hesabu andika saa ambazo kikosi kilikaa bure na sababu yake: maji hayajafika, mchanga umekwisha, mbao za jukwaa hazipo, tofali limemwagwa mbali na saidia anatembea na toroli mchana kutwa.

Kuta za chini na za juu ziandike mbalimbali. Fundi akishapanda jukwaani kasi hupungua, kwa hiyo hesabu ya kozi (safu za matofali) za chini peke yake itakudanganya.

Hatua ya 4: Gawanya

Kikosi kikijenga wastani wa matofali 200 kwa siku, ni mita za mraba 20. Gawanya 90,000 kwa 20: shilingi 4,500 kwa mita ya mraba. Ukuta wote ni 540,000, siku 6.

Kadirio la namna hiyo nililipeleka Tandahimba nikiwa na hesabu ya Mtwara mjini. Kule juu maji ni ya kununua, na boza lilikuwa linafika saa 5 asubuhi. Mafundi ni wale wale, ujira ule ule, lakini tulijenga matofali 120 kwa siku. Gharama ikawa 7,500 kwa mita ya mraba: 900,000 na siku 10. Zile 360,000 za ziada zililipia watu kukaa kivulini wakisubiri maji, na iliniuma, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ameniamini. Siku hizi kwenye kiwanja cha aina hiyo simtanki huwa jambo la kwanza, na maji ya kesho huingia leo jioni.

Hatua ya 5: Tazama kalenda

Msimu wa korosho ukifika, saidia fundi wengi huenda mashambani, na wanaobaki hupandisha ujira. Mvua nazo huanza mwishoni mwa mwaka, zikaendelea hadi Aprili hivi. Mwezi wa Ramadhani anzeni kazi mapema na mmalize mapema, na kadirio lipunguze matofali ya siku tangu mwanzo. Kumdai aliyefunga kasi ya siku za kawaida si haki.

Hatua ya 6: Saruji ihesabu ikiwa kiwanjani

Kiwanda cha Dangote kipo Mtwara, lakini anayejenga Liwale au Nachingwea halipi bei ya kiwandani. Ongeza usafiri na ujira wa kushusha.

Hatua ya 7: Patana malipo

Ukitaka kulipa kwa tofali, gawanya 90,000 kwa 200: shilingi 450. Bei hiyo ni halali ikiwa maji, mchanga na saruji vipo saa 1 asubuhi. Visipokuwepo, fundi anaumia kwa kosa ambalo si lake, na atalifidia kwa kukimbiza kazi. Kwa hiyo andikeni kwenye makubaliano kwamba saa za kusubiri vifaa analipa mwenye nyumba. Andikeni pia kwamba ukuta hautapanda zaidi ya mita 1.5 kwa siku, na kwamba kozi isiyokaa sawa na timazi itabomolewa kabla haijahesabiwa.