Jinsi ya Kutazama Chapa ya Shaba: Gati Moja la Mto Thames

Ukipata nafasi ya kuitazama "Black Lion Wharf", chapa ya shaba (picha iliyochapwa kwenye karatasi kutoka bamba la shaba lililochorwa) ambayo Mmarekani James McNeill Whistler aliichora London mwaka 1859, usianze na mtu aliyeketi mbele, ingawa jicho litakimbilia kwake, kwani amechorwa kwa mistari michache ya haraka. Anzia ng'ambo ya mto, kwenye maghala yaliyobanana ukingoni. Sogeza kioo cha kukuzia kwenye ukuta mmoja, ufuate dirisha baada ya dirisha hadi kwenye paa. Picha nzima ni takriban sentimita 15 kwa 23 tu, lakini mkono ulioichora ulikuwa umejifunza kuchonga ramani za pwani katika ofisi ya serikali ya upimaji mjini Washington, miaka ya 1854 na 1855.

Kisha linganisha weusi wa mistari. Msanii hulipaka bamba la shaba nta, akaikwaruza kwa sindano mpaka shaba ionekane, halafu akalitumbukiza katika asidi; mstari unaokaa humo muda mrefu huliwa zaidi, hushika wino mwingi na hutoka mweusi. Ile anayoitaka hafifu huifunika kwa vanishi mapema, kabla ya kulirudisha bamba. Kwa hiyo mlingoti mweusi ulio mbele ya ukuta wa kijivu unakuonyesha pia muda ambao kila mstari ulikaa katika asidi.

Sasa soma jina la gati kwenye jengo. Karatasi ikibanwa juu ya bamba, kulia huwa kushoto. Herufi hizo zinasomeka sawasawa kwa sababu ziliandikwa kinyumenyume. (Jaribu kuandika jina lako hivyo, nawe utamheshimu.)

Kama unataka kuinunua, usiipapase kwa vidole, bali iinamishe kwenye mwanga wa pembeni utafute alama iliyobonyea ya kingo za bamba. Alama hiyo peke yake haitoshi kuthibitisha kuwa ni chapa halisi, kwa kuwa huweza kuigizwa, na wamiliki wengine wa zamani waliikata pamoja na pambizo. Rudi kwenye kioo: vikiwepo vitone vidogo vilivyojipanga kwa mpangilio mmoja, hiyo ni nakala ya picha iliyotoka kiwandani.

Ukifika Paris, nenda jumba la makumbusho la Musée d'Orsay kwenye picha ya rangi ambayo Whistler alimchora mama yake mwaka 1871, uangalie fremu iliyotundikwa ukutani mbele ya mama huyo. Ndani yake mna gati hili hili, safari hii kwa brashi, bila hata dirisha moja linalohesabika.