Kabla ya Kumeza Mmea, Fikiria Mitokondria

Kabla hujachemsha mzizi au kununua vidonge vya mitishamba, weka kando neno "asilia". Neno hilo linaeleza kitu kimetoka wapi. Halisemi kitafanya nini kikishaingia mwilini. Mmea hauwezi kumkimbia anayeutafuna, hivyo hujilinda kwa kemikali, na baadhi hupiga pale ambapo kila mnyama ni dhaifu: mitokondria, vijumba vilivyo ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nishati. Ubongo, moyo, ini na figo hula nishati nyingi, ndiyo maana huumia vibaya.

Hakikisha kwanza unajua ni mmea gani hasa. Jina la kawaida halitoshi. Nchini Afrika Kusini mzizi wa Callilepis laureola huitwa impila, neno la Kizulu lenye maana ya afya. Mzizi huo una atraktilosidi, sumu inayofunga mlango wa mitokondria: ADP, malighafi ya kutengenezea nishati, haiingii, na ATP, nishati iliyo tayari kutumika, haitoki. Watoto wamekufa kwa ini na figo kushindwa kazi baada ya kunyweshwa dawa yake.

Uliza pia ni sehemu gani ya mmea, na kama imeiva. Tunda la ackee la Jamaika likiwa bichi lina hipoglisini nyingi, inayozuia mitokondria kuchoma mafuta. Sukari ya damu huporomoka, mtu hutapika na anaweza kupoteza fahamu. Tunda hilohilo likishaiva na kupasuka lenyewe mtini, nyama yake huliwa, lakini mbegu hubaki sumu.

Maandalizi ndipo watu wengi hukosea, na hapa naomba tusiharakishe. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo huachia sumu ya sianidi seli za muhogo zinapopondwa. Sianidi hubana kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo wa upumuaji wa seli. Damu inaleta oksijeni, seli inashindwa kuitumia. Wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Lakini ukiutumbukiza muhogo mzima kwenye maji yanayotokota, joto huharibu kimeng'enya cha kuvunja linamarini kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki ndani. Kukuna, kuloweka kwa siku kadhaa na kukausha ndiko kunakoipa sianidi nafasi ya kutoka. Njaa inapofupisha hatua hizo, na mlo ukawa hauna protini ya kutosha kuusaidia mwili kuiondoa sumu, hutokea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona, ulioelezwa na daktari Giovanni Trolli huko Kongo mwaka 1938.

Usipime usalama kwa siku moja. Mmea wa utupa umetumika tangu zamani kuvua samaki, na samaki hao wakaliwa bila watu kudhurika papo hapo, kwa sababu rotenoni yake, sumu inayoziba mwanzoni mwa mnyororo uleule wa upumuaji wa seli, hupenya kwa shida kwenye utumbo. Hata hivyo mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya waliopewa rotenoni polepole kwa wiki kadhaa walipata dalili zinazofanana na za Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa. Mstafeli una annonasini, inayoziba palepale rotenoni inapoziba. Kula stafeli mara mojamoja si sawa na kunywa chai ya majani yake kila siku kwa miaka.

Mjamzito, mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa ini, na hasa mwenye ugonjwa wa kurithi wa mitokondria, asianze kabla ya kuzungumza na daktari. Taja na dawa unazotumia; valproati ya kifafa, kwa mfano, nayo huweza kuilemea mitokondria.

Hifadhi kipande cha mmea na uandike saa uliyoumeza. Mtu akianza kutapika, kulegea, kuchanganyikiwa au kupumua kwa shida, usimlazimishe kutapika zaidi. Mkimbize hospitali pamoja na kipande hicho, maana anayehitaji glukosi na anayehitaji dawa ya sianidi hawatibiwi sawa.