Jinsi ya kuifanya ripoti ya Power BI ijisasishe yenyewe kila asubuhi

Somo hili ni la wale ambao ripoti zao zimetengenezwa kwa Power BI Desktop, na data inatoka SQL Server au Excel iliyoko kwenye kompyuta ya ofisini. Kuweka ratiba ni kazi ya dakika chache. Kinachosumbua ni njia ya kufikia data, kwa hiyo tutakaa huko zaidi.

Hatua ya 1: Jua data inakaa wapi. Faili lililoko SharePoint Online au OneDrive ya kazini Power BI inalifikia yenyewe. Lakini faili ambalo njia yake inaanza na C:\ halionekani kutoka mtandaoni, hata kama ripoti umeshaichapisha. Wengi hukwama hapa, halafu lawama wanaipa ratiba.

Hatua ya 2: Sakinisha getiwei, yaani daraja la kupitisha data kutoka kompyuta ya ofisini kwenda Power BI ya mtandaoni. Programu inaitwa On-premises data gateway, na ni ya bure. Ukiulizwa aina, chagua "Standard mode". Ile ya "Personal" humfaa mtu mmoja tu. Iweke kwenye seva au kompyuta isiyozimwa wala kulala. Laptop inayorudi nyumbani na mhasibu haifai, na kama umeme wenu unakatikakatika, tafuta UPS kwanza.

Utaombwa pia kutunga "Recovery key". Ihifadhi nje ya kompyuta hiyo, kwa sababu mashine ikifa, bila ufunguo huo huwezi kuirejesha getiwei kwenye mashine nyingine. Mtu wa mtandao akisita kukuruhusu, mweleze kwamba getiwei ndiyo inayopiga hodi kwenda nje. Hahitaji kufungua mlango wowote wa kuingilia kwenye firewall.

Hatua ya 3: Sajili chanzo cha data. Ingia app.powerbi.com, nenda kwenye mipangilio, kisha "Manage connections and gateways". Jina la seva na la database yaandike vilevile yalivyo kwenye Desktop. Huku ukiandika jina la seva na kule anwani yake ya IP, Power BI itahesabu kuwa ni vyanzo viwili tofauti, ingawa mashine ni ileile.

Hatua ya 4: Unganisha, kisha jaribu kwa mkono. Kwenye Workspace tafuta "Semantic model" ya ripoti yako (zamani iliitwa Dataset), fungua "Settings" na uchague getiwei. Bonyeza "Refresh now". Ikigoma kwa mkono, na ratiba itagoma vilevile.

Hatua ya 5: Panga saa. Hapohapo kwenye "Settings", washa ratiba na uchague ukanda wa saa wa (UTC+03:00) Nairobi, unaofaa Tanzania, Kenya na Uganda. Angalia saa vizuri: saa kumi na mbili asubuhi ni 6:00 AM. Leseni ya Pro inaruhusu mara 8 kwa siku, Premium mara 48. Duka linalofunga hesabu jioni, mara mbili zinalitosha kabisa. Weka tiki ya kutumiwa barua pepe usasishaji ukishindwa, na uongeze anwani ya mwenzako, maana nawe utakwenda likizo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ratiba yangu imejizima yenyewe. Nimekosea wapi?*
Ikishindwa mara 4 mfululizo, Power BI huizima. Pia ripoti isipofunguliwa na mtu kwa miezi 2, ratiba husimamishwa. Fungua "Refresh history" usome kosa. Mara nyingi utakuta kuna mtu amebadilisha nenosiri la database bila kukuambia.

*Nimepanga 6:00 AM lakini data inaingia baadaye. Ni kawaida?*
Ni kawaida. Hulenga kuanza ndani ya dakika 15, ila inaweza kuchelewa hadi saa nzima. Kama bosi anaifungua saa mbili asubuhi, usipange saa moja na nusu.

*Kituo chetu cha mafuta hakifungi. Saa saba usiku kadi ya "mauzo ya leo" bado inaleta ya jana.*
Fomula ya TODAY() ikishakuwa mtandaoni hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa 3. Kwa hiyo "leo" yake huanza saa tisa usiku. Kwenye kipimo chako (measure) tumia UTCNOW() + TIME(3,0,0), kisha chukua tarehe yake.

*Mauzo ya miaka mitano yanachukua zaidi ya saa mbili, kisha yanakatika.*
Kwenye Pro kikomo ni saa 2. Anza kwa kufuta safu wima ambazo hakuna anayezitazama. Hilo peke yake hupunguza mengi. Kisha tengeneza vigezo (parameters) RangeStart na RangeEnd vya aina ya Date/Time, chuja jedwali kwa vigezo hivyo, na uwashe "Incremental refresh". Hata Pro inayo. Mara ya kwanza itapakia historia yote, na kikomo cha saa 2 bado kipo, kwa hiyo izindue usiku. Baada ya hapo itachukua siku za karibuni tu.