Tesla hulipia matangazo au la? Namna ya kuhakiki mwenyewe

Dai kwamba Tesla, kampuni ya Marekani ya magari ya umeme, haijawahi kutoa hata senti moja kwa matangazo limerudiwa sana mitandaoni, hata watu hawaoni haja ya kulichunguza. Kulichunguza ni kazi ya saa moja hivi na hakuna unacholipia, mradi uanze na nyaraka za kampuni kabla ya kuwasikiliza mashabiki na maadui zake.

Amua kwanza unatafuta nini. Matangazo ya kawaida ni yale ya TV, redio, magazeti na mabango ya barabarani. Matangazo ya Google, YouTube na Facebook nayo hulipiwa, lakini hayamo katika kundi hilo. Nusu ya ubishi wote hutokana na mmoja kuongelea kundi la kwanza na mwenzake kumjibu kwa mifano ya kundi la pili.

Anza na ripoti ya mwaka. Ingia sec.gov, tovuti ya mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Marekani, ufungue hazina yake ya nyaraka iitwayo EDGAR. Tafuta kwa TSLA, alama ya hisa za Tesla, au kwa namba 1318605, namba yake humo EDGAR, kisha chagua Form 10-K, ambayo ndiyo ripoti ya mwaka. Angalia mwaka vizuri: hesabu za Tesla hufungwa Desemba 31, kwa hiyo ripoti iliyowasilishwa Januari 2024 ni ya mwaka 2023. Bonyeza Ctrl+F uandike "advertis" bila kumalizia neno, ili upate "advertising" na "advertisement" kwa mkupuo mmoja.

Soma sehemu mbili. Ya kwanza ni maelezo ya biashara, kwenye aya ya masoko. Kwa miaka kadhaa aya hiyo ilisema kwamba habari za vyombo vya habari na sifa za mdomo kwa mdomo ndizo zinazoleta wateja, na kwamba magari yanauzika bila matangazo ya kawaida na kwa gharama ndogo za masoko. Gharama ndogo si sifuri. Kisha Mei 16, 2023, kwenye mkutano wa wanahisa huko Austin, Elon Musk, mkuu wa Tesla, alisema watajaribu kutangaza kidogo waone matokeo. Katika ripoti ya mwaka huo maneno yalilegezwa: mauzo bila matangazo ya kawaida yakatajwa kama mambo ya huko nyuma, na ikaongezwa kwamba kampuni inawekeza katika kuelimisha wateja na kutangaza inapobidi. Mabadiliko ya namna hii huyaoni kwa kukisia, bali kwa kulinganisha ripoti mbili zinazofuatana. Weka aya zote mbili ubavu kwa ubavu.

Sehemu ya pili ni maelezo ya hesabu, nyuma kabisa. Humo unaweza kukuta kiasi, au neno "immaterial", au usikute kitu. Hapo ndipo wengi huteleza. "Immaterial" kwa wahasibu ni kiasi kisichoweza kubadili uamuzi wa mwekezaji. Wakaguzi wengi huanzia kwenye asilimia 5 ya faida kabla ya kodi, na faida hiyo kwa Tesla mwaka 2023 ilikaribia dola bilioni 10. Kwa kipimo hicho peke yake, hata dola milioni mia kadhaa zinaweza kupita bila kutajwa. Mapato yalikuwa dola bilioni 96.8, asilimia 0.1 yake tu inakaribia milioni 97, na hizo zinanunua dakika nyingi za TV. Hata hivyo, ukiziweka karibu na General Motors, kampuni nyingine ya magari ya Marekani, iliyotumia takriban dola bilioni 4 kwa matangazo na promosheni mwaka 2022, utaelewa kwa nini Tesla inasemwa haitangazi.

Usichukue mstari wa gharama za mauzo na utawala, bilioni 4.8 mwaka 2023, ukauita bajeti ya matangazo. Humo mna mishahara, kodi za maduka na wanasheria.

Kisha nenda kwenye maktaba za matangazo, yaani kurasa ambazo kampuni za mitandao huonyesha hadharani matangazo yaliyolipiwa kwao. Kwenye Google Ads Transparency Center tafuta kwa anwani tesla.com, maana kampuni hutangaza kwa majina tofauti ya kisheria nchi hadi nchi. Badilisha nchi kila mara. Kwenye maktaba ya Meta, mmiliki wa Facebook, chagua Ujerumani au Uholanzi badala ya Marekani. Nje ya Ulaya matangazo ya biashara huonekana yakiwa hewani tu, ilhali Umoja wa Ulaya unalazimisha yabaki kwa mwaka mmoja. Kiasi kilicholipwa hakionyeshwi. Piga picha ya skrini yenye tarehe.

TV haina maktaba kama hiyo. Takwimu unazosoma ni makadirio ya kampuni za upimaji, na makadirio yanayofuata bei za orodha huzidi ukweli, kwa kuwa wanunuzi wakubwa hupunguziwa.

Mwisho, uliza nani amelipa. Wakati wa Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, ya Februari 2023, Tesla ilionekana kwenye tangazo la TV lililolipiwa na The Dawn Project, kikundi kinachoipinga. Anayesambaza YouTube misimbo ya rufaa ("referral codes", zinazoonyesha nani kamleta mnunuzi) hupata zawadi gari likiuzwa. Hajauza nafasi ya tangazo. Na ukiona Tesla kwenye bango la yadi ya magari Nairobi au Dar es Salaam, aliyelipa ni mwenye yadi, kwani Tesla haina duka lake huku.