Pendekezo lililokataliwa likirudi: jinsi ya kulikagua na kulipinga kwenye DAO

DAO ni jumuiya ya mtandaoni inayoamua mambo kwa kura za wenye tokeni, yaani sarafu zake za kidijitali. Julai 2024, wenye tokeni za COMP, za DAO ya mikopo iitwayo Compound, walipigia kura jambo lile lile kwa mara ya tatu. Mapendekezo namba 247 na 279 yalikuwa yameshaanguka. Namba 289, la kuhamisha COMP 499,000 kutoka hazina ya Compound, wakati huo kama dola milioni 24, likapita kwa kura 682,191 dhidi ya 633,636. Kura zilifungwa Jumapili. Wengi walilalamika kwamba hazina imeporwa, lakini mkataba, yaani programu inayoendesha kura hizo, ulikuwa umefuata masharti yake yote: hapakuwa na sharti linalokataza lililoanguka kurudishwa. Kwa hiyo ukikutana na marudio, anza na kanuni na data.

Tambua ni marudio gani

Mpiga kura kurudia kura yake ni jambo moja, pendekezo kurudishwa ni jingine. La kwanza mara nyingi halina kasoro. Snapshot, jukwaa la kupigia kura, na minyororo ya bloku ya familia ya Cosmos huruhusu kubadili kura hadi muda uishe, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Mikataba ya Governor, aina ya mikataba ya kura kwenye mnyororo wa Ethereum, huikataa kura ya pili ya anwani (akaunti) ile ile. Basi picha ya matokeo ya katikati ya zoezi haithibitishi kwamba kura "zimepotea".

Pendekezo likirudi, uliza lilianguka kwa nini. Oktoba 2020 pendekezo la kwanza la Uniswap, soko la kubadilishana tokeni, lilipata kura za ndiyo karibu milioni 39.6, na akidi ilikuwa milioni 40. La namna hiyo lina haki ya kurudi. Lililoangushwa kwa wingi wa hapana, likirudi bila kubadilika, linawinda uchovu wa wapinzani.

Linganisha miito, achana na kichwa cha pendekezo

Miito ni amri ambazo pendekezo likipita litazitekeleza. Fungua la zamani na jipya kwenye Etherscan, tovuti ya kusomea miamala ya Ethereum, uyaweke sambamba. Kagua anwani lengwa, kiasi cha ETH (sarafu ya Ethereum), jina la kitendakazi, yaani kazi inayoitwa ndani ya mkataba, na vigezo vyake. Hesabu sifuri: COMP ina desimali 18 na mkataba hauandiki nukta, hivyo 499,000 huandikwa 499 ikifuatiwa na sifuri 21. Anwani isome tarakimu kwa tarakimu. Mei 2022 mtandao wa Juno ulituma tokeni za kama dola milioni 36 kwenye anwani isiyo na mwenyewe, kwa sababu aliyenakili alichukua hashi (msimbo wa kutambulisha data) badala ya anwani, na waliopitisha hawakuona.

Usidanganyike na namba mpya ya pendekezo. Katika Governor iliyoandikwa na kampuni ya OpenZeppelin kitambulisho hutokana na hashi ya miito pamoja na maelezo, kwa hiyo kuongeza koma moja kwenye maelezo hutoa kitambulisho kipya huku miito ikibaki ile ile. Na kinyume chake ndicho cha hatari zaidi: maelezo yale yale, miito tofauti. Mei 2023 mshambulizi wa Tornado Cash, huduma ya kuficha nyayo za miamala, alidai pendekezo lake linatumia mantiki ya lililokwisha kupita. Baada ya kupita, aliufuta mkataba wake na kuweka mwingine kwenye anwani ile ile, akajipa kura 1,200,000 dhidi ya halali za kama 700,000. Mlango huo wa kujifuta umebanwa sana kwenye Ethereum tangu maboresho ya Machi 2024, ila mkataba wakala, unaopitisha kazi kwa msimbo ulio kwenye anwani nyingine, bado unaweza kubadilishwa ndani. Kama msimbo wa anwani lengwa haujathibitishwa hadharani, piga hapana.

Piga hesabu ya muda

Hapa ndipo wengi huachwa. Mkataba wa Compound wa wakati huo ulihesabu bloku, yaani mafungu ya miamala yanayoongezwa kwenye mnyororo: 13,140 za kusubiri, kisha 19,710 za kupiga kura. Watu husema siku 2 na siku 3. Kwa bloku ya sekunde 12, hizo ni saa 43.8 na saa 65.7, yaani zoezi zima huisha saa 10 na nusu mapema kuliko "siku 5". Tena tovuti zikionyesha saa za UTC, ongeza 3 upate za Afrika Mashariki.

Uzito wa kura hupimwa kwenye bloku ya kuanzia. Kukasimu ni kusajili kura za tokeni zako kwa anwani fulani. Tokeni zisizokasimiwa, hata kwako mwenyewe, huhesabiwa sifuri, na kukasimu baada ya bloku hiyo hakusaidii. Fanya muamala wa kukasimu mara tu pendekezo linapowasilishwa, na uweke ETH kidogo ya gesi (ada ya muamala) kwenye pochi.

Chunguza kura zenyewe

Pakua orodha ya anwani za duru zote mbili. Tafuta zilizopokea kura au tokeni siku chache kabla ya bloku ya kupimia. Lakini usiite hizo kura hewa: mtu mmoja mwenye pochi 20 hajavunja kanuni pale ambapo tokeni ndizo zinazopiga kura. Pinga kwa kifungu kilichokiukwa. Kama hakuna, sema wazi kwamba hoja yako ni ya kisiasa. Juni 2022 pochi moja ilitoa zaidi ya kura milioni 1 kati ya kama milioni 1.15 zilizopitisha pendekezo la Solend, jukwaa la mikopo. Kesho yake duru mpya ikalibatilisha. Si kila marudio ni hila.

Likishapita

Bado kuna foleni ya utekelezaji, kwa Compound siku 2. Katika Governor Bravo, toleo la Governor ambalo Compound ilitumia wakati huo, mtu yeyote anaweza kufuta pendekezo ambalo halijatekelezwa ikiwa kura za mwasilishaji zimeshuka chini ya kiwango cha kuwasilisha, ambacho hapo kilikuwa COMP 25,000. Kwa hiyo watafute waliomkasimia kura na uwaombe waziondoe. Mikataba mingine haina mlango huo, soma kitendakazi cha kufuta kabla hujaanza kampeni. Namba 289 yenyewe ilifutwa siku chache baadaye kwa makubaliano ya pande mbili.

Na weka arifa ya tukio la pendekezo jipya, moja kwa moja kutoka kwenye mkataba. DAO ya Build Finance, Februari 2022, waliliangusha jaribio la kwanza la kuteka DAO yao. La pili lilipita bila wao kujua kwamba limewasilishwa.